Namba ya Oktani: Kipimo cha Ustahimilivu wa Petroli

Namba ya oktani ni kipimo kinachoonyesha kadiri petroli inavyostahimili mgandamizo na joto ndani ya silinda bila kujiwakia kabla ya wakati wake. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, na kadiri mchanganyiko huo unavyobanwa ndivyo unavyozidi kupata joto. Kisha cheche ya plagi, ambayo mafundi wa Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, huiita buji, huanzisha moto unaotakiwa kuenea kwa utaratibu hadi pembezoni. Petroli isiyostahimili hulipuka yenyewe huko pembezoni kabla moto haujaifikia, na mlipuko huo husikika kama mlio wa vyuma, hasa gari linapopanda mlima na mzigo. Mafundi husema injini inagonga, na kwa kuwa usemi huo umekwisha kuzoeleka, hakuna sababu ya kutafuta mbali istilahi ya hali hiyo: ni ugongaji, na ukiachwa uendelee huharibu pistoni.

Mizani ya namba hizo ilitokana na kazi ya mkemia Mmarekani Graham Edgar mwaka 1926. Yeye alichukua vimiminika viwili halisi, heptani inayogonga upesi, ikapewa 0, na isooktani inayostahimili sana, ikapewa 100. Kwa hiyo petroli ya namba 95 si petroli yenye oktani asilimia 95, bali ni petroli ambayo, katika injini maalumu ya majaribio, hugonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5. Hapa ndipo tafsiri ya “kiwango cha oktani” inapopotosha, kwa sababu msomaji hudhani kwamba kuna kitu kinachopimwa ujazo wake ndani ya pipa, ilhali kinachofanyika ni ulinganisho tu. “Namba ya oktani” ni bora, na maelezo yake yawe “namba ya ustahimilivu dhidi ya ugongaji”. Umbo “oktani” nalo lina sababu: linafuata mfululizo wa metani, ethani, propani na butani, ambamo atomi za kaboni zimeunganishwa kwa vifungo vya peke, na katika oktani atomi hizo ni nane. “Okteni” ingekuwa jina la kampaundi nyingine, yenye kifungo maradufu.

Kosa kubwa zaidi limo katika kuiita petroli ya namba kubwa “kali” au “yenye nguvu”. Nishati iliyomo katika lita moja ya petroli ya 91 na ya 95 inakaribiana sana, na ile ya namba kubwa ndiyo iliyo ngumu zaidi kujiwakia. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye turbo inayosukumia hewa ndani, huihitaji. Injini iliyoundwa kwa namba ndogo hainufaiki kwa kulishwa ya gharama kubwa.

Anayechagua petroli hutakiwa kusoma kitabu cha gari au maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha tangi, na kuangalia pia aina ya namba iliyotajwa. Namba ya njia ya utafiti, iandikwayo RON, hupatikana kwa jaribio jepesi. Namba ya njia ya mota, MON, hupatikana kwa mwendo wa kasi zaidi na mchanganyiko uliopashwa joto, na huwa ndogo zaidi. Marekani huandika wastani wa hizo mbili, ndiyo maana 87 ya huko inakaribia 91 ya RON. Magari mengi ya Beni na Butembo yametumika kwanza Japani, ambako petroli ya kawaida hutakiwa kufikia angalau RON 89 na ya daraja la juu 96. Gari lililoandikiwa ya kawaida halina haja ya 95.

Katika komine ya Mulekera, mjini Beni, istilahi yenyewe huleta hatari inayostahili kuzingatiwa kuliko hesabu za namba. Kinachoitwa petroli Dar es Salaam au Mombasa, hapa huitwa esanse, na dizeli huitwa mazutu, ilhali “petroli”, kwa kufuata Kifaransa cha Kongo, yaweza kumaanisha mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana namba ya oktani ndogo mno, hivyo hata kiasi kidogo kikichanganywa na esanse huishusha, na pikipiki inayojazwa kwa chupa kando ya barabara haina mtu wa kuithibitishia namba yoyote. Mwandishi wa maelekezo kwa wasomaji wa Kivu Kaskazini hana budi kuandika “esanse (petroli ya gari)” angalau mara ya kwanza.

Mwinuko nao hubadili mahitaji. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo huvuta hewa hafifu, mgandamizo hushuka, na ugongaji hupungua. Ni kwa sababu hiyo majimbo ya milimani ya Marekani yamekuwa yakiuza petroli ya 85. Lakini gari linaloteremka kutoka Butembo kwenda Beni, na kutoka Beni hadi mpaka wa Kasindi, ambako malori ya mafuta huingia kutoka Uganda, hurudi kwenye hewa nzito na joto kali, hivyo namba ya kitabu ndiyo ifuatwe. Magari mapya yana kihisi kinachotambua ugongaji na kuchelewesha cheche, jambo linalookoa pistoni lakini hupunguza nguvu na kuongeza ulaji wa esanse. Pikipiki nyingi na magari ya zamani hayana kihisi hicho, na dereva wake hutegemea masikio yake mwenyewe.