Mzee, Anwani Yako Ipi?

Juma lililopita nilikuwa Dakawa, mkoani Morogoro. Wasafiri wa Dodoma mnapafahamu. Ukishaiacha Morogoro mjini, na milima ya Uluguru ikibaki nyuma yako, chini ya mwendo wa saa moja kwa basi unaingia katika mbuga ya mto Wami, na mara unaona mashine za kukoboa mpunga na magunia yamepangwa kando ya lami.

Hapo nilimkuta mzee mmoja kibarazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza: "Mzee, anwani yako ipi?" Akanitazama kama ninayemtania. Kwanza akanipa namba ya sanduku la posta, ambalo ni la shule alikofanya kazi zamani. Akaona halitoshi, akaniambia: "Ukishuka stendi, ulizia kwa mzee wa mashine ya pili, hata mtoto atakuleta." Kisha, kama aliyekumbuka jambo la aibu kidogo, akanyoosha kidole juu ya mlango. Palikuwa na kibao chenye namba. "Na hiyo," akasema, "walikuja kuipigilia mwaka wa sensa. Ila sijapata kusikia mtu akiitumia."

Basi mzungumzo wetu wa leo ni huo: historia ya orodha ya nyumba na ramani zetu za kuhesabia watu. Najua wapo watakaosema hilo ni jambo la makarani. Subirini kidogo.

Orodha ya kwanza ya nyumba katika nchi yetu haikuandikwa ili kumjua mwenye nyumba amekula nini wala ana watoto wangapi. Iliandikwa ili alipe. Mwaka 1897 utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya nyumba, na kuanzia hapo akida na jumbe wakawa watu wa kuhesabu mapaa. Watu nao hawakuwa wajinga. Kama kodi ni ya paa, basi watu wengi walale chini ya paa moja. Waingereza walipokuja waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, na kwa miaka mingi hesabu ya watu wa Tanganyika ilikisiwa kutoka katika madaftari ya kodi. Sensa ya 1931 ilikuwa ya namna hiyo. Ni mwaka 1948 tu ndipo watu walipoanza kuhesabiwa kwa utaratibu unaokaribia huu wa leo, ikafuata ya 1957. Na zote zilifanyika mwezi Agosti, kama zote zilizofuata hadi ya 2022, kwa sababu Agosti ni kiangazi, na njia zinapitika.

Tulipopata uhuru tukafanya sensa yetu ya kwanza mwaka 1967, tukajikuta milioni 12.3. Ramani zilizokuwapo zilikuwa zile za kipimo cha moja kwa elfu hamsini, zilizochorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege. Ni ramani nzuri mno, mito imo, miinuko imo, na nukta ndogondogo za nyumba zimo. Lakini nukta haina jina. Aliyejua jina ni balozi wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU katikati ya miaka ya 1960. Huyo alijua nani kahama, nani kaoa, nani kazika. Orodha ya taifa zima ilikuwa vichwani mwa mabalozi.

Kisha zikaja Operesheni Vijiji za miaka ya 1970. Sheria ya kuandikisha vijiji ikatungwa mwaka 1975, na Mwalimu Nyerere alipoitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alitaja watu wapatao milioni 13 waliokuwa wanaishi vijijini. Hebu fikirini kazi ya mchora ramani wa sensa ya 1978! Zile nukta za picha za ndege zimebaki mahame, na watu wamepangwa mistari kando ya barabara ambako ramani inaonyesha pori tupu. Watu wengi huzungumzia operesheni ile kwa siasa yake. Mimi nataka leo muione kwa jicho la karani aliyeshika karatasi isiyolingana na nchi iliyo mbele yake.

Na Dakawa yenyewe ni mfano wa mahali pasipokubali kukaa kimya juu ya karatasi. Serikali kwa kupitia NAFCO ilifungua shamba kubwa la mpunga la hekta 2,000 kwa maji ya Wami, wakaja vibarua kutoka kila upande. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini, waliokuwa tayari na shule yao ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu, walipewa ardhi nyingine hapa Dakawa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, akirejea kutoka bungeni Dodoma, alifariki kwa ajali katika barabara hii, na jina lake limebaki katika kijiji cha Wami-Sokoine. Wafugaji wa Kimaasai wako mbugani, leo hapa, kiangazi kikikaza ng'ombe wamefika kwingine. Mwaka 1992 wageni wetu wa Afrika Kusini walirejea kwao na kutuachia majengo, yakawa mahali pa masomo. Shamba la mpunga nalo likaja kuingia mikononi mwa wakulima wadogo na ushirika wao, UWAWAKUDA.

Sasa tazameni tarehe. Sensa zetu humhesabu kila aliyelala nchini usiku ule, awe mwenyeji, awe mgeni. Kwa kanuni hiyo, kijana wa Soweto aliyelala Dakawa usiku wa sensa ya Agosti 1988 ni mtu wa kuhesabiwa Dakawa. Miaka minne baadaye hayupo. Sensa iliyofuata ikaja 2002, maana badala ya miaka kumi tulikaa kumi na minne. Katikati hapo, aliyetaka kujua idadi ya watu wa mahali hapa alipiga hesabu ya kuongeza juu ya idadi ya 1988. Wageni wameondoka, wakulima wameingia, na karatasi inasema kila mtu yupo palepale na amezaa kidogo.

Na katika kipindi hichohicho yule balozi alitutoka. Mwaka 1992 tuliporudi katika vyama vingi, balozi wa nyumba kumi akabaki kuwa mtu wa CCM, na serikali ikawa na mwenyekiti wa kitongoji na mwenyekiti wa mtaa. Sisemi ilikuwa vibaya. Haifai mtu wa chama kimoja awe ndiye daftari la watu wote. Ila nauliza: daftari lile lilikabidhiwa kwa nani? Nimewauliza watendaji wa vijiji kadhaa katika safari zangu. Wapo wenye rejesta ya wakazi safi, imepigwa mistari kwa rula. Wapo walionionyesha kabati ambalo ufunguo wake ulihama na mtendaji aliyetangulia.

Mwaka 2002 mimi nilikuwa kijana natafuta ada ya chuo, nikapata ukarani wa sensa upande wa Mgeta, huko juu Uluguru. Waluguru hawakujenga kwa mistari. Nyumba moja iko kwenye bega la mlima, nyingine ng'ambo ya bonde, unamwona mwenyeji wako anakupungia mkono na kumfikia ni nusu saa ya kushuka na kupanda. Eneo la karani mmoja hukadiriwa kuwa kaya kama mia moja. Nilikuwa na ramani ya mkono: kijito, kanisa, njia ya kwenda gulioni, na mpaka wangu ulikuwa "mkuyu mkubwa". Mkuyu wenyewe ulikuwa umekwisha kukatwa, umekuwa mbao na kuni. Mimi na karani wa eneo la pili tukabaki tunabishana juu ya kisiki, kila mmoja akidhani nyumba tatu zilizo nyuma yake ni za mwenzake. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyetusuta: "Ninyi vijana, kwa hiyo yule mama na wanawe hawapo duniani?" Tukaenda. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na alikuwa ametungoja tangu asubuhi, amefagia uwanja.

Huko hukohuko nilikutana na wanaume waliokimbilia mashambani walipotuona na karatasi. Wakati ule kodi ya maendeleo ilikuwa bado inatozwa, imefutwa mwaka 2003, na mtu aliyewahi kukimbizwa na mgambo hachagui karatasi ya kuiogopa. Babu yake alihesabiwa paa ili alipe, yeye amehesabiwa kichwa ili alipe, leo unamwambia hesabu hii ni ya maendeleo! Ongezeni na alama ya X nyekundu ambayo wenye nyumba za kando ya barabara wanaijua maana yake. Rangi ukutani, kwa Mtanzania, haijawa habari njema.

Sasa nije kwa wale waliosema haya ni mambo ya makarani. Kati ya sensa na sensa, serikali hufanya tafiti za sampuli: kipato cha kaya, afya ya mama na mtoto, malaria. Hawaendi kila nyumba. Huichukua orodha ya maeneo yote ya sensa iliyopita, wakachagua maeneo mamia machache kwa bahati nasibu, wakaenda huko, wakaandika upya kaya zilizopo, kisha wakachagua kaya chache za kuhoji. Mtaa usiokuwa na watu siku ya kuchora orodha una nafasi ndogo mno ya kuguswa na bahati nasibu hiyo, hata uwe leo umejaa nyumba. Utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa 2022 ulianza mwezi Februari, sensa ikaja Agosti. Maana yake ulichota katika orodha ya 2012. Na mkoa wa Morogoro, uliokuwa na watu 2,218,492 mwaka 2012, ulikutwa na 3,197,104 mwaka 2022. Karibu watu milioni moja wameongezeka chini ya orodha ileile. Wengi wao hawakwenda kukaa palepale walipokuwa wenzao. Walikwenda kwenye viwanja vipya, kama hivi vinavyomeza mapori ya Dakawa.

Kwa haki lazima niseme kwamba 2022 tulipiga hatua kubwa. Tarehe 8 Februari mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, njia zikapewa majina, milango ikapewa namba. Agosti makarani wakaingia mitaani na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na kwa mara ya kwanza watu, majengo na anwani vikahesabiwa pamoja. Tukajikuta watu 61,741,120, na majengo zaidi ya milioni 14. Hakuna tena karani wa kubishana juu ya kisiki. Mpaka uko kwenye kioo, na kifaa kinajua kimesimama wapi. Baada ya kazi vishikwambi vikagawiwa walimu, jambo ambalo mimi naliunga mkono.

Lakini neno lenyewe, operesheni, ndilo linalonitia shaka. Operesheni huanza na kwisha. Wamarekani walipojiandaa kwa sensa yao ya 1990 walitengeneza ramani moja ya nchi nzima ndani ya kompyuta, wakaiita TIGER, baadaye wakaiunganisha na faili kuu la anwani. Halafu wakagundua kwamba faili lililokamilika leo kesho limechakaa. Mwaka 1994 Bunge lao likapitisha sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuikagua orodha ya anwani zao na kusema "hapa mmeruka nyumba", kwa sharti la kuahidi kutunza siri. Na wale wana tarishi anayefika kila mlango! Sisi ambao barua zetu zinaishia kwenye sanduku la shule tunadhani kibao kitajitunza chenyewe.

Tunavyo vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000. Kila kitongoji kina mwenyekiti anayejua wiki hiihii ni nani kajenga na ni nyumba ipi imeanguka kwa mvua. Maarifa ya balozi hayajafa, yamebadili mwenyewe tu. Ningependa kuona mwenyekiti anaulizwa kila mwaka, siyo kila miaka kumi, na anapewa posho ya kazi hiyo, maana daftari haliandikwi kwa uzalendo peke yake. Majina ya watu yabaki siri kama sheria ya takwimu inavyotaka. Nyumba na njia havina siri, kila apitaye anaviona.

Nirudi kibarazani Dakawa. Nilimwuliza mzee: tangu kile kibao kipigiliwe, nyumba ngapi zimeongezeka upande huu? Hakufikiri. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akitaja kila mwenye nyumba na alikotoka, huyu wa Kilosa, yule wa Gairo, huyu Mmaasai aliyenunua kiwanja baada ya kuuza ng'ombe. Alifika kumi na saba. Nikainuka nikazunguka kuzitazama. Hakuna hata moja iliyokuwa na kibao. Niliporudi alikuwa amekumbuka nyingine.

"Kumi na nane," akasema. "Nilimsahau mwanangu mwenyewe."