Mbaraka Mwinshehe: fyuzheni ilikuwepo kabla jina lake halijafika

Nenda Makunduchi mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa. Mchana watu wanachapana kwa mashina ya migomba, usiku ni muziki mpaka majogoo. Hapo mtu anaimba nyimbo za zamani za dansi kwa moyo wote, na mjukuu wake anauliza: huyo anayepiga gitaa hivyo nani?

Ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. "Soloist National", kama mashabiki walivyomwita.

Alizaliwa 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa bendi iliyomtoa, Morogoro Jazz. Sasa hiyo "jazz" isikuchanganye. Enzi zile Tanganyika karibu kila mji ulikuwa na jazz yake: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz. Hawakuwa wakipiga muziki wa New Orleans. Walichukua rumba ya Kuba kutoka kwenye sahani za santuri, wakasikiliza magitaa ya Kongo, kisha wakatia ngoma za kwao na Kiswahili juu yake. Kila bendi ikawa na mtindo wake: NUTA walikuwa na Msondo, Western na Saboso, Morogoro na Likembe. Ukisikia tu gitaa linaanza, unajua ni nani.

Na Waunguja wasijifanye hili ni la bara peke yake. Taarab yenyewe imechanganywa: udi na kanuni, mafunzo ya Misri, filamu za Kihindi, na mapigo ya rumba yakaingia humohumo. Aliyemsikia Mbaraka hakusikia kitu kigeni. Alisikia jirani anafanya lilelile kwa nyuzi sita.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na gitaa lake la solo likawa sauti ya pili ya mwimbaji. Neno likiisha mdomoni, gitaa linalidaka na kulijibu. Wimbo unaanza taratibu ili kisa kieleweke, kisha unachangamka na solo inachukua usukani. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiimba na kupiga, hapakuwa na mshono kati ya maneno na nyuzi.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz waliiwakilisha Tanzania kwenye maonesho ya Expo huko Osaka, Japani. Mwaka huohuo Marekani, Miles Davis alitoa Bitches Brew, John McLaughlin akiwa kwenye gitaa, na dunia ikaanza kuzungumza habari ya fyuzheni. Morogoro walikuwa wanaifanya siku nyingi, ila hakuna aliyewapa jina hilo.

1973 Mbaraka akatoka, akaunda Super Volcano na mtindo wake wa Masika. Kuwa na bendi yako si mchezo: vyombo, usafiri, mishahara ya watu, vyote juu ya kichwa chako. Bendi nyingi wakati ule zilikuwa za mashirika, na vyombo ni mali ya mwajiri. Yeye alichagua kubeba mzigo mwenyewe.

Tatizo lilikuwa santuri. Redio Tanzania ilirekodi nyimbo, lakini santuri za kuuza zilitengenezwa Nairobi. Ndiyo maana Kenya ilimjua kama inavyomjua mtoto wake, na "Shida" ikapigwa huko kila kona. Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa mpaka 1983. Mwanamuziki wa Morogoro akawa na wasikilizaji upande mmoja na nyumba upande mwingine.

Januari 1979 ajali ya gari ilimuua Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu.

Baada ya hapo santuri za "Ukumbusho" zikatoka moja baada ya nyingine. Lakini COSOTA imekuja kwa sheria ya 1999, miaka 20 baada ya kuzikwa kwake, na COSOZA ya Zanzibar kwa sheria ya 2003. Kwa hiyo, wadau, mkiupiga wimbo wake harusini, mjue umevuka mipaka yote, ila haki ya aliyeupiga ilichelewa njiani. Vijana wa leo wanaochanganya taarab na jazz pale Mji Mkongwe wajifunze vyote viwili: nyuzi zake, na kusoma mkataba kabla ya kusaini.