Wamisionari waliokusanya mimea yetu, na watu waliowaonyesha njia

Mwaka 2011 watu kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani walishika njia ya Loliondo. Walikuwa wakienda Samunge, wilayani Ngorongoro, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa ile ilitoka kwenye mti ambao wenyeji wa Samunge, Wasonjo, wanauita mugariga. Wamasai wa Oloipiri na vijiji vya jirani wanauita olamuriaki, na Kiswahili kina mtandamboo. Wataalamu wa mimea wameuandika Carissa edulis, jina lililoanzia kwenye matawi aliyochuma Peter Forsskål, msafiri wa karne ya 18 aliyefia Yemen mwaka 1763.

Mti ulioota nyuma ya boma tangu enzi za mababu ukaingia vitabuni kwa mkono wa mgeni aliyeuona ng'ambo ya bahari. Mimea mingi ya Afrika Mashariki ina historia ya namna hiyo. Hapa kwetu, sehemu ya kazi ya kuchuma na kusafirisha ilifanywa na watumishi wa Mungu.

Kwa nini watu wa dini

Karne ya 19 makumbusho na bustani kubwa za Ulaya zilitaka mimea na wadudu wa dunia nzima, lakini hazikuwa na watu wa kuwatuma kila mahali. Mpelelezi wa msafara alipita upesi. Mmisionari alikaa mahali pamoja kwa miaka, akaona masika na vuli, akajua mti fulani unachanua lini. Tena alijifunza lugha ya wenyeji, kwa hiyo aliweza kuuliza. Makasisi wengi wa wakati huo waliamini pia kwamba kuvichunguza viumbe ni sehemu ya kumtukuza Muumba.

Kazi yenyewe ilidai uvumilivu. Tawi lenye ua au tunda lilibanwa kati ya karatasi, karatasi zikabadilishwa mpaka likauke bila kuoza. Vipepeo walifungwa kwenye karatasi zilizokunjwa na kulindwa dhidi ya siafu na unyevu. Kila sampuli ilihitaji maelezo ya mahali na tarehe, kisha masanduku yakabebwa kichwani mpaka pwani. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya meli kwenda London na Paris ikawa fupi zaidi.

New apanda Kilimanjaro

Charles New, Mmethodisti wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1840, alifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1863. Agosti 1871 alipanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji, akakusanya mimea. Ilipelekwa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, kupitia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, na ni miongoni mwa mimea ya kwanza ya sehemu za juu za mlima huo kufika mikononi mwa wataalamu. Ua mojawapo lilichapishwa mwaka 1877 kwa jina la Helichrysum newii. Limeonekana hata juu ya Kibo, zaidi ya mita 5,600, karibu na matundu yanayotoa mvuke wa volkano.

New hakuwahi kuliona jina hilo. Mwaka 1875 alifariki dunia akirudi pwani kutoka Uchaga, baada ya kunyang'anywa mali na Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kama Mandara.

Aliyemwongoza New mwaka 1871 alikuwa Sadi bin Ahedi, Mswahili wa misafara aliyezijua njia za Uchaga na Umasai. Maelezo yake ndiyo yaliyomwezesha Thomas Wakefield, mwenzake New wa Ribe, kuchapisha London mwaka 1870 taarifa ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Mwaka 1883 Sadi alikuwa pia katika msafara wa Joseph Thomson kupita nchi ya Wamasai. Wazungu walisoma habari za nyanda hizi kutoka kinywani mwake kabla hawajazikanyaga.

Sacleux wa Bagamoyo

Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alizaliwa mwaka 1856, akaishi Zanzibar na Bagamoyo kuanzia mwaka 1879 hadi 1898. Watafiti wa Kiswahili wanamfahamu kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, yeye akiwa amepita umri wa miaka 80. Wataalamu wa mimea wanamfahamu kwa jambo jingine: maelfu ya kurasa za makumbusho ya Paris zina matawi aliyoyakausha yeye au wenzake wa wakati wake, na jina lake limo kwenye mengi. Henri Baillon wa Paris aliliita kundi zima la mimea Sacleuxia kwa heshima yake.

Sacleux aliziunganisha kazi zake mbili. Katika kamusi yake majina ya mimea yamewekwa kwa Kiswahili, na mengi yana jina la kitaalamu pembeni. Mkulima au mganga aliyemtajia jina la mti alikuwa mwalimu wake, na neno la mwalimu likahifadhiwa pamoja na tawi. Alifariki dunia mwaka 1943, na mpaka leo anayetaka kujua mti fulani wa mwambao uliitwaje zamani hana budi kufungua kitabu chake.

Kuna mmea mmoja unaobeba majina ya wamisionari hawa wawili: Sacleuxia newii, wa kusini mashariki mwa Kenya na mashariki mwa Tanzania. Mwingereza George Bentham alitoa sehemu ya pili ya jina hilo mwaka 1876. Baadaye mimea ilipopangwa upya, mmea huo ukahamishiwa kundi la Sacleux. Mmethodisti na Mkatoliki, ambao makanisa yao yalishindana kupata waumini, wamekaa kwenye jani moja.

Wadudu nao hawakuachwa. Mchungaji Kenneth St. Aubyn Rogers wa misheni ya Kianglikana ya CMS, Rabai, karibu na Mombasa, alimtumia Profesa Edward Poulton wa Oxford vipepeo. Poulton alikuwa akichunguza jinsi kipepeo asiye na sumu anavyofanana na mwenye sumu ili ndege wamwache. Kipepeo Acraea aubyni alipewa jina la Rogers mwaka 1912.

Nani alibaki bila jina

Wamisionari hawa walifanya kazi ya maana. Bila wao tungejua machache zaidi kuhusu misitu ya pwani ilivyokuwa kabla haijakatwa. Lakini kazi yao ilikuwa na dosari kubwa, na lazima isemwe. Waliobeba masanduku, waliopanda miti kuchuma maua na waliotaja dawa na sumu hawakuandikwa kwenye lebo nyingi. Aliyetuma aliheshimiwa, aliyejua akasahaulika. Tena sampuli nyingi ziko Ulaya, kama Kew na Paris, ambako kijana wa Ngorongoro hawezi kwenda kuziona. Picha zilizowekwa mtandaoni zimepunguza umbali huo, ila hazijaufuta.

Shirika la Sacleux lilifika mpaka Loliondo. Miaka ya 1960 Padri Vincent Donovan, Mmarekani, alifanya kazi huko miongoni mwa Wamasai. Ujuzi wa mimea ulikuwapo tele kabla yake, nao upo bado kwa wazee: oloirien, mzeituni wa mwitu; oltarakwai, mwangati wa milimani; olmukutan, dawa ya minyoo. Karatu kuna Wairaqw wenye elimu yao ya vichaka, na bonde la Eyasi lina Wahadzabe, ambao kwa jadi chakula na dawa zao hutoka porini. Ujuzi huu unazikwa pamoja na mzee mmoja baada ya mwingine.

Hazina ya Taifa ya mimea iliyokaushwa iko Ngaramtoni, Arusha, katika mkoa wetu. Walimu wa sayansi wa Oloipiri, Loliondo na Karatu wana uwezo wa kuanza: wanafunzi wachume tawi lenye ua na tunda, wakaushe kwa karatasi za gazeti, waandike mahali, tarehe, jina la mmea kwa Kimaa, Kisonjo, Kiiraqw au Kihadza, na matumizi yake. Kisha, kwa ridhaa ya mzee aliyewaeleza, waandike na jina lake. Halmashauri za Ngorongoro na Karatu ziwape usafiri wa kuzifikisha Arusha. Sacleux alihifadhi neno la mwalimu wake. Sisi tuna wajibu wa kumhifadhi na mwalimu mwenyewe.