Kamyo ya rimoti: namna ya kuchagua servo ya usukani na betri ya risiva

Watoto wa Ruashi, sawa na wa Lubumbashi nzima, wanajua toka zamani kutengeneza kamyo ya waya na mikebe. Usukani wake ni waya mrefu unaotoka kwenye magurudumu ya mbele mpaka mkononi mwa mtoto anayekimbia nyuma. Kwenye kamyo ya rimoti, kazi ya ule mkono inafanywa na kisanduku kidogo kinachoitwa servo. Ndani yake kuna mota ndogo, giya na kadi ya elektroniki. Risiva inapokea amri ya rimoti na kuipitisha kwa servo, nayo servo inageuza magurudumu. Zote mbili zinakula umeme wa betri moja.

Mnunuzi wengi wao huuliza kwanza mwendo. Lakini kamyo ya kilo 4 inayokimbia kilometa 40 kwa saa kwenye avenyu yenye watoto inaweza kuumiza mtu vibaya ikipoteza usukani. Na usukani unaweza kupotea hata servo ikiwa nzima, juu ya betri isiyoweza kuilisha. Ndiyo maana inafaa kuchagua servo kwanza, halafu kutafuta betri inayoiweza.

Servo: nguvu, volti na giya

Nguvu ya servo inahesabiwa kwa kilo na sentimeta. Servo ya kilo 10 inashikilia uzito wa kilo 10 kwenye mkono wa sentimeta 1. Ukiifunga mkono wa sentimeta 2, inabaki na kilo 5 tu. Kwa kamyo nyepesi ya kipimo cha 1/10, servo ya kilo 6 mpaka 10 inatosha. Kamyo nzito ya 1/8 yenye magurudumu makubwa inataka kilo 15 mpaka 25, na ile ya kupanda mawe polepole inataka 20 au zaidi.

Soma vizuri ile namba. Servo moja inaweza kutoa kilo 15 kwa volti 6.0 na kilo 20 kwa volti 7.4, na kwenye boksi wanaandika ile kubwa. Betri yako ikiwa ya volti 6, umenunua servo ya kilo 15. Kuna pia servo nyingi za kawaida zisizoruhusu zaidi ya volti 6.0, ukizipa 8.4 zinaungua.

Mwendo wa servo huandikwa kwa sekunde inazotumia kugeuka digrii 60. Sekunde 0.15 ni nzuri kwa kamyo ya kukimbia. Kwa ile ya kupanda mawe hata 0.20 haina shida. Giya za chuma zinavumilia kugonga kuliko za plastiki. Kama kamyo ina ile springi ya usukani inayopokea kishindo, usiitoe bila sababu. Angalia pia meno ya shafti: servo nyingi zina 25, zingine 24 au 23, na mkono wa moja hauingii vizuri kwenye nyingine. Kwa vumbi la kiangazi la Katanga, chagua servo yenye raba za kuziba, ni kusema ile iliyoandikwa kwamba haiingizi maji.

Betri inatoka wapi?

Kamyo ya mota ya umeme kwa kawaida haiitaji betri ya pili. Kontrola ya mwendo ina sehemu inayoandikwa BEC, inayoshusha volti ya betri kubwa na kuipatia risiva. Shida inakuja pale BEC inapotoa ampea 2 na servo mpya, ikikazwa, inataka 4. Volti inaanguka, risiva inazimika nusu sekunde na kuwaka tena. Dawa ni BEC ya pembeni yenye nguvu, au betri ya risiva peke yake.

Kamyo ya injini ya mafuta lazima iwe na betri ya risiva, na hapo hatari ni kubwa zaidi. Betri ikizimika kabisa, servo ya mafuta inabaki pale ilipokuwa. Ikiwa ilikuwa imefungua, kamyo inaendelea kukimbia. Ile kinga ya risiva ya kufunga mafuta rimoti ikipotea haisaidii hapo, kwani nayo inataka umeme. Springi ndogo inayorudisha kabureta ni ya bei chee, na ndiyo inayofunga mafuta bila umeme.

Aina za betri

Betri nne za tochi zinatoa volti 6 zikiwa mpya, lakini servo yenye nguvu ikivuta, volti inaanguka haraka. Zifae kwa servo ndogo tu.

NiMH ina volti 1.2 kwa kila seli. Seli tano ni volti 6.0, zinazofaa servo nyingi za kawaida. Ni ngumu kuharibika, ila inapungua yenyewe ikiwekwa. Ijazwe siku ya kutumika.

LiPo ya seli mbili ni volti 7.4, na ikijaa ni 8.4. Ni nyepesi na inatoa umeme mwingi. Inataka servo na risiva zinazokubali 8.4, la sivyo kifaa cha kushusha volti kiwekwe katikati. Isishuke chini ya volti 3.0 kwa seli.

LiFe ya seli mbili ni volti 6.6, ikijaa 7.2. Volti yake haiyumbi karibu mpaka mwisho. Hakikisha servo inaikubali.

Hapa Ruashi panachimbwa shaba na kobalti, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. LiPo nyingi zina kobalti ndani. Kobalti inasaidia kuweka nguvu nyingi kwenye uzito kidogo, lakini seli ikijazwa kupita kiasi au ikipata moto sana, inaachilia oksijeni inayochochea moto. LiFe inatumia chuma na fosfati. Inabeba nguvu kidogo zaidi, ila inashikilia oksijeni yake na haishiki moto kirahisi. Kwa kulisha risiva na servo, ile nguvu kidogo inatosha. Kwa hiyo, kwa nyumba yenye watoto, LiFe ndiyo chaguo la kwanza, na NiMH la pili.

Kiasi: kama servo na risiva zinakula wastani wa ampea 1, betri ya mAh 2000 inadumu karibu saa 2. Pumzisha kamyo kabla ya saa moja na nusu.

Jaribu kabla ya kukimbiza

Weka kamyo chini, imesimama. Pima volti kwenye risiva huku mwenzako akigeuza usukani haraka, kulia na kushoto. Kama ni betri ya volti 6 na inaanguka chini ya 5, haitoshi. Risiva nyingi zinaanza kuzimika karibu na 3.5. Servo ikilia mwisho wa kona, punguza safari yake kwenye rimoti, juu inakula umeme na kuungua bure. Halafu inua magurudumu, zima rimoti, uone kama mota inasimama au mafuta yanafungwa.

Kujaza

Chaja iwekwe kwenye aina ileile ya betri. LiFe inaishia volti 3.6 kwa seli, LiPo 4.2; ukijaza LiFe kama LiPo unaiharibu, na kujaza lithiamu kwa chaja ya NiMH kunaweza kuwasha moto. Umeme ukirudi usiku, watu wengi wanachomeka kila kitu na kulala. Betri ya lithiamu ijazwe mtu akiwa macho, juu ya simenti, mbali na matela na mapazia, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Ikivimba, usiijaze tena.