Ni Nani Atakayemlipa Daktari Bingwa?

Chukua ramani ya Kenya, ewe msomaji, uitafute Ndithini katika eneo la Masinga, Machakos. Fikiri juu ya mtu wa huko aliyeajiriwa kazi ya mshahara, akapatwa na ugonjwa wa figo. Dawa za zahanati hazimfai. Hana budi kumfuata daktari bingwa mjini Machakos au Nairobi, na huenda gharama ikaushinda mshahara wake wa mwaka mzima. Je, alipe nani? Swali hili lina historia, nayo yafaa uijue kabla hujaanza kazi.

Hapo kwanza mzigo ulikuwa wa mwajiri peke yake. Reli ya Uganda, iliyopita katika nchi ya Wakamba, ilijengwa tangu mwaka 1896 hadi 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 wakaachishwa kazi kwa maradhi na majeraha. Hasara hiyo yatufundisha kwamba afya ya mfanyakazi ndiyo nguvu ya kazi yenyewe. Lakini mwajiri alipaye peke yake huvutwa huku na huku: ataka mtu wake apone, tena ataka fedha isitoke. Kidonda hukiweza, ugonjwa mzito humshinda.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1966 Bunge la Kenya lilianzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali. Mfanyakazi aliyepata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Hivyo wengi wenye afya waliwasaidia wachache waliolazwa, na mwajiri akawa mkusanyaji. Hata hivyo hakuondolewa wajibu wote: Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka ahakikishe, ikiwezekana, mfanyakazi wake anatibiwa awapo mgonjwa sana.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilishika mahali pa mfuko ule. Sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye shilingi 20,000 hutoa 550. Kampuni kubwa huongeza bima ya binafsi, ambayo huchagua hospitali, huweka kikomo cha malipo, na hutaka kibali kabla ya upasuaji. Njia hizo hupunguza gharama, lakini hospitali iliyochaguliwa ikiwa mbali, mtu wa Ndithini hufika amechelewa. Rahisi isiyoponya ni ghali. Naye mwajiri akataye fedha asiipeleke humwacha mgonjwa akihangaika mlangoni mwa hospitali.

Basi, utakapopokea mshahara wako wa kwanza, usihesabu tu fedha iliyobaki. Uliza pia iliyokatwa imefika wapi, na itakununulia tiba gani. Na siku utakapokuwa mwajiri wewe, ujiulize hayo hayo kabla hujaulizwa.