Tathmini ya Teknolojia za Afya: kwa mfuko wa nani?

Maneno yanayounda istilahi hii yote tunayajua, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia "teknolojia za afya" huwaza mashine kubwa za Muhimbili pale Upanga, au mifumo ya TEHAMA inayosajili wagonjwa dirishani. Akisikia "tathmini" huwaza "ufuatiliaji na tathmini", yaani ripoti inayoandikwa mradi ukishafika ukingoni na fedha zikishatumika. Akiunganisha picha hizo mbili anapata ukaguzi wa kompyuta za hospitali, jambo ambalo wataalamu hawakulikusudia hata kidogo.

Tuanze na teknolojia. Katika istilahi hii, teknolojia ni kitu chochote au utaratibu wowote uliobuniwa kwa maarifa ili kuzuia, kutambua au kutibu maradhi. Chanjo imo, dawa imo, kitendanishi cha maabara kimo. Upasuaji umo, na chandarua chenye dawa kimo pia. Hata namna ya kupanga huduma, kama vile kumpa muuguzi kazi iliyokuwa ya daktari, huhesabiwa. Umeme na skrini si masharti.

Kuhusu tathmini, wafasiri walikuwa na maneno mengine ya kuchagua. "Ukaguzi" unanusa makosa na hesabu za fedha. "Upimaji" umeshachukuliwa na maabara, na shuleni na mitihani ya darasa la nne. "Upimaji wa teknolojia" ungeeleweka kuwa ni kujaribu kama mashine inawaka. Tathmini inafaa zaidi kwa sababu ni ndugu ya thamani: yote mawili yanatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya bei. Kutathmini ni kutafuta thamani ya kitu. Kinachobaki ni kumkumbusha msomaji kwamba thamani hii hutafutwa kabla ya uamuzi, ingawa huweza kurudiwa baadaye.

Mpaka mwingine wa kuchora ni kati ya tathmini na usajili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, huangalia ubora, usalama na ufanisi wa bidhaa kabla ya kuiruhusu sokoni. Hiyo ni kazi tofauti. Mtu aliyetumwa Kariakoo na fedha za ukoo kununua simu huuliza kwanza kama ni orijino au feki. Akishahakikishiwa ni orijino, bado ana maswali: ina nafuu gani kuliko ile ya bei ya chini, na nikiinunua, ada ya mtoto itatoka wapi? Usajili hujibu swali la kwanza. Tathmini ya teknolojia za afya hushughulika na yale yanayofuata, na fedha zinazohusika ni za umma.

Jiji la Dar es Salaam lenyewe lina mfano mzuri. Mpaka miaka ya 2000, aliyefika na homa kwenye zahanati ya Ilala, Temeke au Kinondoni alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuondoka na dawa ya malaria. Penye darubini, majibu ya "wadudu wawili" yalitoka kwa wingi. Watafiti walipozisoma upya slaidi za vituo vya Dar es Salaam, waligundua kuwa nyingi zilizoandikwa kuwa na vimelea hazikuwa navyo. Mwishoni mwa 2006 Tanzania Bara ilihama kutoka dawa ya awali ya malaria, SP, kwenda dawa mseto, ALu. Mseto ulifanya kazi vizuri, ila bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya SP. Kumpa kila mwenye homa dawa ya bei hiyo, katika jiji ambalo malaria ilikuwa imepungua, kukawa swali la fedha na la tiba kwa pamoja.

Ndipo kikaja kipimo cha haraka, mRDT: tone la damu ya kidole, na jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Katika majaribio yaliyofanyika kwenye vituo vya umma vya jiji, matumizi ya dawa za malaria yalishuka kwa takriban robo tatu. Mtu angeweza kuishia hapo na kushangilia. Watafiti hawakuishia hapo, na walichokiona kinaonyesha vizuri tathmini ni nini.

Kwanza, dawa za antibiotiki ziliongezeka, kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi kama saba katika kila kumi. Mhudumu aliyeambiwa kwamba si malaria alihitaji kumpa mgonjwa kitu, naye mgonjwa hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba karibu mmoja tu kati ya kumi alikuwa na malaria na wengi walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo antibiotiki haitibu. Kipimo kilikuwa kimefunga mlango mmoja wa dawa zisizohitajika na kufungua mwingine.

Pili, hesabu ya fedha ilitoa majibu tofauti kulingana na anayeulizwa. Mgonjwa alitumia fedha kidogo zaidi kwa dawa. Kituo nacho kilipunguza gharama ya dawa, lakini ununuzi wa vipimo ulikula nafuu hiyo, hivyo kwenye bajeti ya mtoa huduma peke yake akiba haikuonekana waziwazi.  Mhasibu wa kituo na mama aliyembeba mtoto kutoka Buguruni wangeweza kubishana siku nzima kuhusu kipimo kilekile, na wote wakawa sahihi.

Kwa hiyo sharti la kwanza la tathmini nzuri ni kutaja mapema hesabu inafanywa kwa mfuko wa nani. La pili ni kutaja kinacholinganishwa. mRDT ikilinganishwa na darubini iliyo mikononi mwa fundi makini ni jambo moja. Ikilinganishwa na kutibu kila homa ni jambo jingine. La tatu ni kutumia takwimu za mahali husika. Matokeo ya jiji lenye malaria kidogo hayawezi kubebwa mazimamazima kupelekwa Geita au Kigoma, ambako kati ya wenye homa, walio na vimelea ni wengi zaidi. La nne ni kufuatilia yasiyokusudiwa, kama hizo antibiotiki.

Sharti la tano huumiza zaidi: uwazi. Anayefanya tathmini aseme nani amemlipa, ana maslahi gani, na makadirio yake yametoka wapi, ili mwingine aweze kurudia hesabu. Wagonjwa, wahudumu na wauzaji wasikilizwe, lakini muuzaji asiwe mwandishi wa ripoti. Tena wanaokusanya ushahidi watofautishwe na wanaoamua. Ushahidi unaweza kuonyesha kwamba dawa fulani ni ghali kuliko afya inayoongeza, na bado taifa likaamua kuigharimia kwa sababu ya haki kwa wenye maradhi adimu. Uamuzi huo ni halali, mradi sababu zake ziandikwe.

Nje ya nchi, Uingereza ilianzisha taasisi yake ya kazi hii, NICE, mwaka 1999, na Thailand ikawa na HITAP kuanzia 2007. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zitumie tathmini hizi katika safari ya huduma za afya kwa wote. Kwetu haja imekua tangu Bunge lipitishe muswada wa bima ya afya kwa wote, Novemba 2023, kwani bima ya lazima huja na orodha, na orodha huwa na vilivyomo na visivyomo. Tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake, na mjadala ukajaa bei. Tathmini haimalizi ubishi wa namna hiyo. Inachoweza ni kutenganisha maswali mawili yanayochanganywa: kama huduma fulani inastahili kuwamo katika kitita, na kama malipo yake yanamtosha mtoaji.

Kwa waandishi na wafasiri, ushauri ni mfupi. Tumieni "tathmini ya teknolojia za afya", na mara ya kwanza mwongeze kifungu cha maelezo: kupima nafuu, gharama na haki ya dawa, kipimo au utaratibu kabla fedha za umma hazijaelekezwa huko. Msiite tathmini ile kazi ya usajili, wala ripoti ya mwisho wa mradi. Na kiongozi akitangaza kwamba tathmini imefanyika, muulizeni ililinganisha nini na nini, kwa mfuko wa nani, na ni huduma ipi itakayopunguziwa fedha ili hii ipatikane.