Baiskeli Ukingoni mwa Mfereji wa Mwea

Laare hatuendeshi baiskeli kwa starehe. Mji wetu umekaa juu katika milima ya Nyambene, na mwenye baiskeli huku nusu ya safari huisukuma, nusu nyingine akiomba breki zishike. Tena huku kila kitu ni mbio. Miraa ikishachumwa haina subira, ikinyauka imekwisha bei, ndiyo maana pikapu zake huteremka Maua kuelekea Meru kama zinazofukuzwa.

Basi nilipotamani kwenda polepole, nilipanda matatu nikapita Meru, Chuka na Embu, nikashukia Wang'uru, mji wa Mwea ambao wengi huuita Ngurubani. Fundi mmoja alinikodishia Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ambayo keria yake hubeba gunia bila kulalamika. Akaniagiza nisitoke kwenye ukingo wa mfereji, kwa maana usiku kulikuwa kumenyesha.

Kwa saa nzima sikukutana na mlima hata mmoja. Kushoto maji ya rangi ya chai, kulia majaruba, yangeyange wakimfuata ng'ombe wa plau. Mfereji haukimbilii njia ya mkato. Unajipinda kuufuata mwinuko wa ardhi ili maji yatiririke yenyewe bila pampu. Mteremko mdogo unaoyafaa maji ndio huo huo unaoifaa miguu ya mtu wa makamo. Mkunjo wa ukingo ule, niliokuwa nikiufuata huku nikipiga mluzi, ulichimbwa na wafungwa.

Kazi ilianza 1954, wakati wa Hali ya Hatari, eneo hili likiwa bado sehemu ya Wilaya ya Embu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewatia kizuizini maelfu ya watu kwa tuhuma za Mau Mau, na mbele yake kulikuwa na tambarare kavu kati ya mito Nyamindi na Thiba. Ikawapa majembe. Kambi zilijengwa hapa hapa, Gathigiriri na Kandongu zikiwemo, na Wamumu ikatengwa kwa vijana. Wakubwa waliiita kazi hiyo urekebishaji. Aliyekataa kutii alipigwa, na kufikia 1957 kipigo kilikuwa utaratibu uliopangwa, si hasira ya askari mmoja.

Utaratibu huo haukubaki Mwea. John Cowan, ofisa wa magereza aliyesimamia kambi za huku, ndiye aliyeandika mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi wafungwa wa Hola, kando ya Mto Tana, kwenye mradi mwingine wa umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walifariki baada ya kunywa maji. Kati ya visingizio vyote, wakachagua maji.

Mifereji ya Mwea ilipomalizika, mashamba yakagawanywa, kila mkulima ekari 4. Hakupewa hati. Alikuwa mpangaji, na hata baada ya uhuru, Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa 1966, iliendelea kumpangia alime nini, lini, na mpunga aupeleke wapi. Wenyeji wenye umri wangu bado husimulia walivyokuwa wakiwaogopa maofisa wa mradi kuliko chifu. Mwaka 1998 wakulima waligoma kuipelekea bodi mpunga wao, wakaupeleka kwenye chama chao cha ushirika. Leo pishori ya Mwea inauzwa hata kwenye maduka ya Laare, na Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, limewaongezea maji.

Nilikuwa nikiwaza hayo hadi nikasahau agizo la fundi. Kuukwepa mkokoteni wa punda, nikateremka kwenye udongo mweusi. Haikuchukua hatua kumi. Udongo ulijaa chini ya madigadi, gurudumu likakwama kama lililotiwa gundi, nami nikasimama nimeshika usukani bila pa kwenda. Kijana aliyekuwa na magunia mawili kwenye keria alinipita ukingoni bila kupunguza mwendo. "Mzee, beba! Hiyo haisukumiki!"

Nikaibeba.

Nilipoirudisha, fundi hakusema kitu. Aliipindua chali, akachukua kijiti, akaanza kuchokoa udongo, bonge baada ya bonge, na kila bonge akalitupa kwenye mtaro wa maji uliopita nyuma ya kibanda chake.

"Ulifika wapi, mzee?"

"Wamumu."

Aliinua macho. "Guka yangu alichimba upande huo," akasema, kisha akazungusha gurudumu kwa kidole kuona kama linaenda sawa.